Farumi ya Maji Ndani ya Mashua: Swali Moja, Mada Tano za Fizikia

Mtahiniwa wa kidato cha nne, maswali yanayowapotezea wengi alama katika Fizikia si yale yanayouliza "Eleza kanuni ya Archimedes." Hayo hukaririwa. Yanayosumbua ni yale yanayokuletea kifaa ambacho hujawahi kukiona, kisha yakakutaka ueleze kinavyofanya kazi. Ukiona jina geni unaweza kudhani mada haikufundishwa. Fizikia ndani yake, hata hivyo, ni ileile uliyoisoma tangu kidato cha kwanza.

Katika sehemu hii tunachukua kifaa kimoja kigeni na kukifungua hatua kwa hatua: mfumo wa farumi ya maji katika mashua ya mchezo wa kuteleza juu ya wimbi. Ukimaliza kusoma unapaswa kuweza:

(a) kutumia sheria ya kuelea kukokotoa kiasi ambacho chombo huzama uzito unapoongezwa;
(b) kutumia kanuni ya momenti kupanga mizigo ndani ya chombo;
(c) kueleza kinachofanya chombo kirudi wima au kipinduke;
(d) kueleza kanieneo na sifoni katika mabomba ya maji;
(e) kukokotoa mkondo, uwezo na nishati ya umeme wa pampu.

Katika hesabu zote chukua g = 10 N/kg na densiti ya maji baridi = 1,000 kg/m³, yaani lita 1 ya maji ina tungamo ya kg 1.

1. Farumi ni nini?

Farumi ni uzito unaowekwa chini ndani ya chombo ili kitulie majini. Manahodha wa majahazi ya pwani yetu waliijua zamani: jahazi lisilo na shehena lilitiwa mawe au mchanga tumboni ili upepo usililaze. Meli za chuma zilipokuja na pampu zake, mawe yalianza kuachwa na nafasi yake ikachukuliwa na maji. Maji huingizwa kwa pampu na hutolewa kwa pampu, na hayana gharama.

Huko Marekani, hasa kwenye maziwa ya bara, kuna mchezo ambao mteleza husimama juu ya ubao nyuma ya mashua inayokwenda polepole, takriban kilomita 16 hadi 19 kwa saa. Huanza kwa kushika kamba. Wimbi la nyuma ya mashua likishamshika huiachia kamba, na kuanzia hapo husukumwa na wimbi peke yake. Ili limbebe mtu, wimbi hilo lazima liwe kubwa, na mashua nyepesi haitoi wimbi kubwa. Kwa hiyo wenye mashua hufunga mifuko mikubwa ya plastiki ngumu ndani yake na kuijaza maji ya ziwa. Mifuko, pampu, mabomba, vali na nyaya zake kwa pamoja ndiyo mfumo wa farumi. Baadhi ya mashua hutoka kiwandani na mfumo huo. Nyingine hufungiwa na wenyewe baadaye. Tufuatane na anayefunga wa kwake.

2. Hatua ya kwanza: kukadiria uzito

*Mada: densiti na sheria ya kuelea*

Sheria ya kuelea inasema: kitu kinachoelea husukuma kando kimiminika chenye uzito sawa na uzito wa kitu hicho. Mashua ikiwa nzito zaidi, lazima isukume kando maji mengi zaidi, na ili iyasukume lazima izame zaidi. Inapokwenda, maji hayo mengi hufunguka na kukutana tena nyuma yake. Hapo ndipo wimbi kubwa linapozaliwa.

Mfano 1. Mashua ina tungamo ya kg 1,800. Imebeba watu 5, kila mmoja kg 70. Mwenyewe anataka kuongeza lita 900 za farumi. Eneo la mashua kwenye usawa wa maji ni m² 10. (i) Tafuta mjao wa maji yaliyosukumwa kabla na baada ya kuongeza farumi. (ii) Mashua itazama kwa kiasi gani zaidi?

*Suluhisho*

Tungamo kabla = 1,800 + (5 × 70) = kg 2,150
Mjao wa maji yaliyosukumwa = 2,150 ÷ 1,000 = m³ 2.15

Tungamo baada = 2,150 + 900 = kg 3,050
Mjao wa maji yaliyosukumwa = 3,050 ÷ 1,000 = m³ 3.05

Ongezeko la mjao = 3.05 − 2.15 = m³ 0.90
Kina kilichoongezeka = 0.90 ÷ 10 = m 0.09, yaani sentimita 9.

Usiishie hapo. Jiulize jibu lina maana gani: ukingo wa mashua umesogea sentimita 9 karibu na maji. Wimbi ambalo jana lilipiga ubavuni na kurudi, leo linaweza kuingia ndani.

Ndiyo maana chombo huwa na kikomo. Sheria ya Marekani inataka mashua nyingi za injini zenye urefu chini ya futi 20 ziwe na kibao kinachoonyesha uzito wa juu wa watu pamoja na mizigo. Farumi huhesabiwa ndani ya kikomo hicho. Maji hayasamehewi kwa kuwa yametoka ziwani. Tuseme kibao cha mashua yetu kinasema kg 1,200. Watu ni kg 350, farumi ni kg 900, jumla kg 1,250. Tumezidisha kg 50. Mwenye mashua ana njia mbili: apunguze farumi hadi kg 850, au mtu mmoja abaki nchi kavu. Tutachukua njia ya kwanza.

Je, maji ndani ya maji yana uzito?

Swali hili huwachanganya wengi. Mfuko wa maji ukiuzamisha ziwani hauelei wala hauzami, kwa sababu uzito wake ni sawa na uzito wa maji unayoyasukuma. Wengine huhitimisha kwamba maji hayafai kuwa farumi. Kosa liko hapa: mfuko wetu hauko ndani ya ziwa. Uko ndani ya mashua, umezungukwa na hewa, na hausukumi maji yoyote ya ziwa kando. Sakafu ya mashua hubeba uzito wake wote: kg 850 huikandamiza kwa kani ya N 8,500.

Mambo hubadilika mashua ikijaa maji. Linganisha kg 100 za maji na kg 100 za risasi, zote zikiwa zimefunikwa na maji:

- Mfuko wa maji husukuma kando kg 100 za maji. Kani inayobaki ya kuvuta mashua chini ni sifuri.
- Risasi ina densiti ya takriban 11,300 kg/m³. Mjao wake ni 100 ÷ 11,300 = m³ 0.0088, kwa hiyo husukuma kando kg 8.8 tu za maji. Kani inayobaki ni 1,000 − 88 = N 912 kuelekea chini.

Mashua iliyojaa maji ikiwa na farumi ya maji inaweza kubaki ikielea kwa msaada wa povu na sehemu zake nyepesi, na watu wakaishikilia. Ikiwa na risasi huvutwa chini.

3. Hatua ya pili: kupanga mahali pa kuweka uzito

*Mada: momenti, kitovu cha uvutano na msawazo*

Uzito uleule ukiwekwa mahali tofauti hutoa matokeo tofauti. Ukiwekwa wote tezi, yaani nyuma, omo huinuka na mwendeshaji haoni mbele. Ukizidi omo, mashua huinamisha pua na huweza kuchota maji. Kwa kawaida sehemu kubwa huwekwa tezi, ambako wimbi huzaliwa, na sehemu nyingine mbele kidogo ili mashua isiinue pua na wimbi lirefuke.

Upande pia una maana. Anayetanguliza mguu wa kushoto kwa kawaida huteleza upande wa kushoto wa mashua, ili auelekee uso wa wimbi. Anayetanguliza wa kulia hutumia upande wa kulia. Mashua za kisasa zina vibao vya nyuma vinavyogeuza mtiririko wa maji na kulisafisha wimbi la upande mmoja. Zisizo na vibao hivyo huegemezwa kidogo upande wa wimbi kwa kuuwekea uzito zaidi. Neno la kuzingatia ni *kidogo*.

Mfano 2. Mashua yetu ina mifuko mitatu: kg 340 nyuma kushoto, kg 170 nyuma kulia, na kg 340 mbele katikati. Mifuko ya nyuma iko m 0.9 kutoka mstari wa kati. Mwendeshaji wa kg 70 ameketi kulia, m 0.7 kutoka mstari huo. Mteleza yuko majini. Abiria mmoja ameketi katikati. Abiria wawili waliobaki, kila mmoja kg 70, wanaweza kuketi m 0.7 kulia au kushoto. Tafuta momenti inayobaki (i) wakiketi kulia, (ii) wakiketi kushoto.

*Suluhisho*

Chukua momenti kuzunguka mstari wa kati. Mfuko wa mbele na abiria wa katikati hawana umbali kutoka mstari huo, kwa hiyo momenti zao ni sifuri.

Momenti ya kushoto: 3,400 × 0.9 = Nm 3,060
Momenti ya kulia: mfuko 1,700 × 0.9 = Nm 1,530; mwendeshaji 700 × 0.7 = Nm 490
Jumla ya kulia = Nm 2,020
Inayobaki = 3,060 − 2,020 = Nm 1,040 kuelekea kushoto

Momenti ya abiria wawili = 1,400 × 0.7 = Nm 980

(i) Wakiketi kulia: 1,040 − 980 = Nm 60 kuelekea kushoto. Mashua iko karibu sawasawa.
(ii) Wakiketi kushoto: 1,040 + 980 = Nm 2,020 kuelekea kushoto.

Angalia tofauti. Hakuna lita hata moja iliyoongezwa. Watu wawili wamevuka upande, na momenti imepanda kutoka Nm 60 hadi Nm 2,020, zaidi ya mara thelathini. Mifuko imefungwa haiendi popote, lakini watu ni farumi inayotembea.

Kwa nini chombo hurudi wima?

Ulipojifunza msawazo uliambiwa kwamba kitu ni imara kikiwa na kitovu cha uvutano chini na kitako kipana. Kwa chombo kinachoelea kuna jambo la kuongeza. Kani mbili hufanya kazi: uzito, unaovuta chini kupitia kitovu cha uvutano, na kani ya kuelea, inayosukuma juu kupitia kitovu cha maji yaliyosukumwa. Chombo kikilala kulia, ubavu wa kulia huzama zaidi na kitovu cha maji yaliyosukumwa husogea kulia. Kani ya kuelea sasa inasukuma juu kutoka upande ulioinama, uzito unavuta chini kutoka karibu na katikati, na kani hizo mbili kwa pamoja hukizungusha chombo kurudi wima.

Chombo kikipakiwa mizigo juu, kitovu cha uvutano hupanda. Kikilala, mstari wa uzito nao husogea kuelekea upande ulioinama. Ukiipita kani ya kuelea, mzunguko hugeuka: badala ya kukirudisha, humalizia kukipindua.

Historia ina mfano mashuhuri. Tarehe 10 Agosti 1628 meli ya kivita ya Sweden iitwayo Vasa ilitoka bandarini Stockholm kwa safari yake ya kwanza. Ilikuwa na mizinga mizito juu, na tumboni farumi ya mawe ya takriban tani 120. Haikufika hata kilomita mbili. Upepo uliilaza, maji yakaingia kupitia matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama mbele ya umati. Kuongeza mawe pekee kusingeiokoa kwa urahisi, kwani meli ingezama zaidi na matundu hayo yangekaribia maji. Hapa unaona sheria ya kuelea na msawazo vikivutana: farumi hushusha kitovu cha uvutano, na papo hapo hushusha ukingo.

Mfano wa kwetu unauma zaidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Kilikuwa kimepakia kupita kiasi, na taarifa zilieleza kwamba abiria walisogea upande mmoja kilipokuwa kikikaribia gati. Rudi kwenye Mfano 2, kisha badala ya watu wawili weka mia moja. Ukiambiwa ndani ya kivuko "kaeni mlipo," anayesema hivyo anatetea kanuni ya momenti na maisha yako.

Hatari ya mfuko uliojaa nusu

Maji yaliyojaa kabisa kwenye mfuko uliofungwa hukaa kama kitu kigumu. Mfuko uliojaa nusu ni tofauti: mashua ikiinama, maji hukimbilia upande wa chini, kitovu cha uvutano huyafuata, na mashua huinama zaidi. Kwa sababu hiyo mfungaji hujaza mfuko hadi hewa yote itoke, au huuacha mtupu. Meli kubwa hugawa matangi yake kwa kuta za ndani ili maji yasikimbie kutoka ubavu hadi ubavu.

4. Hatua ya tatu: kuingiza na kutoa maji

*Mada: kanieneo katika vimiminika*

Maji huingia kupitia tundu lililotobolewa chini ya mashua, chini ya usawa wa maji. Tuseme tundu liko kina cha m 0.5:

Kanieneo = densiti × g × kina = 1,000 × 10 × 0.5 = Pa 5,000

Ikiwa eneo la tundu ni cm² 5, yaani m² 0.0005, kani ya maji ni 5,000 × 0.0005 = N 2.5. Kani hiyo ni ndogo, unaweza kuizuia kwa kidole gumba. Lakini tundu likiachwa wazi, makumi ya lita huingia kila dakika bila kuchoka. Kwa hiyo kila tundu hufungwa vali ya kuzungusha kwa mkono, na kila mpira hubanwa kwa vibanio vya chuma kisichoshika kutu. Mpira ukichomoka, mtu hufunga vali kwanza, kisha hutafuta chanzo.

Pampu zinazotumika ni za aina mbili:

(a) Pampu ya feni. Feni yake huzungusha maji na kuyarusha nje. Haiwezi kuvuta hewa, kwa hiyo lazima iwekwe chini ya usawa wa maji ili maji yaifikie yenyewe. Ikizimwa, haizuii maji kupita.

(b) Pampu ya mabawa ya mpira. Mabawa yake yanayopinda huvuta na kusukuma, na ukigeuza mwelekeo wa mkondo wa umeme pampu huzunguka kinyume: iliyojaza sasa inamwaga. Ikizimwa mabawa huziba njia kwa kiasi kikubwa. Isiendeshwe bila maji, maana maji ndiyo yanayoilainisha. Ikikauka mabawa huungua kwa msuguano.

Kwa pampu ya feni kuna tatizo la sifoni. Ikiwa mfuko uko chini ya usawa wa ziwa, maji yataendelea kuingia hata pampu ikizimwa, kwa kuwa kanieneo upande wa ziwa ni kubwa kuliko upande wa mfuko. Ikiwa mfuko uko juu ya usawa wa ziwa, maji yanaweza kurudi nje yenyewe. Mfungaji hupandisha mpira hadi juu ya usawa wa maji ili ufanye upinde, na kileleni mwake huweka vali ndogo ya kuingiza hewa. Hewa ikiingia, safu ya maji hukatika na sifoni hufa.

Mfano 3. Pampu ina uwezo wa lita 3,000 kwa saa. Itachukua muda gani kujaza mfuko wa lita 340?

*Suluhisho*

Muda = 340 ÷ 3,000 = saa 0.113 = dakika 6.8

Ukiulizwa kwa nini muda halisi ni mrefu zaidi, jibu: pampu hufanya kazi ya kuinua maji juu, na msuguano ndani ya mipira yenye kona nyingi hupunguza mtiririko.

5. Hatua ya nne: kuunganisha umeme

*Mada: umeme wa mkondo*

Pampu za mashua hutumia betri ya volti 12. Huunganishwa sambamba, ili kila moja ipate volti 12 zote na iweze kuwashwa peke yake. Zikiunganishwa mfululizo zingegawana volti, na kuzima moja kungezima zote.

Mfano 4. Pampu ya mabawa hutumia mkondo wa ampea 15 kwa volti 12. (i) Tafuta uwezo wake. (ii) Tafuta nishati inayotumika kwa dakika 6.8. (iii) Pampu tatu zikiwashwa pamoja, betri hutoa mkondo gani? (iv) Nyaya za pampu moja zina ukinzani wa omu 0.04. Volti kiasi gani hupotea kwenye nyaya?

*Suluhisho*

(i) P = VI = 12 × 15 = W 180
(ii) Muda = 6.8 × 60 = s 408; nishati = 180 × 408 = J 73,440
(iii) I = 15 × 3 = A 45
(iv) V = IR = 15 × 0.04 = V 0.6

Waya mwembamba una ukinzani mkubwa: volti nyingi hupotea, pampu huzunguka kivivu na waya hupata moto. Kwa hiyo hutumika waya mnene. Kila pampu hupewa fyuzi yake, mathalani ya ampea 20, na fyuzi huwekwa karibu na betri. Ikiwekwa mwisho wa waya karibu na pampu, hitilafu itakayotokea katikati ya waya haitalindwa.

Mashua nyingi hizi hutumia petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini kwenye ngama, mahali palepale pampu zinapokaa. Cheche moja inatosha. Vifaa vya humo lazima viwe vile visivyotoa cheche nje, na feni ya kutoa mvuke huwashwa kabla ya injini.

6. Hatua ya tano: kujaribu, kisha kumwaga

Mara ya kwanza mfumo hujaribiwa mashua ikiwa imefungwa gatini. Mfuko mmoja hujazwa kwa wakati mmoja, huku mtu akiangalia kila kiungo na ukingo wa mashua. Katika safari, watu huambiwa wakae wapi na wasihame ovyo, na kila mmoja huvaa jaketi la kuokolea maisha. Mchezo wenyewe hufanywa nyuma ya mashua ambazo rafadha yake imefichwa chini ya tumbo. Mashua yenye injini ya kuning'inia nyuma haifai, maana rafadha iko hatua chache kutoka kwa mteleza. Moshi wa injini nao una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, hivyo watu hawaketi ukingoni nyuma injini ikinguruma.

Jioni maji yote humwagwa, na hapa Bayolojia inaingia. Maji ya farumi hubeba viumbe. Kome wadogo wenye mistari kutoka Ulaya waligunduliwa katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini mwaka 1988, na inaaminika waliletwa na maji ya farumi ya meli. Mabuu wao hawaonekani kwa macho. Walienea, wakaziba mabomba ya maji na kunyang'anya viumbe wa asili chakula. Mkataba wa kimataifa wa kusimamia maji ya farumi ya meli ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Septemba 2017. Mwenye mashua ndogo naye hutakiwa kusafisha, kumwaga na kukausha kabla ya kwenda ziwa jingine. Sisi tuliolishuhudia gugumaji likifunika ghuba za Ziwa Victoria hatuhitaji kuelezwa sana gharama ya kiumbe mgeni.

7. Makosa yanayopoteza alama

- Kuandika "mashua inaelea kwa sababu ni nyepesi." Andika: uzito wake ni sawa na uzito wa maji inayoyasukuma kando.
- Kuchanganya tungamo (kg) na uzito (N) katika momenti. Zidisha kwa g kwanza.
- Kupima umbali kutoka ukingo wa mashua badala ya mstari ulioutumia kama egemeo.
- Kusema "kitovu cha uvutano kiwe chini" bila kueleza kani ya kuelea inasogea wapi chombo kinapoinama.
- Kuacha dakika bila kuzigeuza kuwa sekunde katika hesabu za nishati.

8. Maswali ya kujipima

1. Mashua yenye tungamo ya kg 2,000 inaelea ziwani, kisha inapelekwa baharini ambako densiti ya maji ni 1,025 kg/m³. Tafuta mjao wa maji yaliyosukumwa katika kila sehemu, na useme ni wapi inazama zaidi.
2. Mfuko wa kg 250 uko kushoto, m 0.8 kutoka mstari wa kati. Mtu wa kg 80 ameketi kulia, m 1.0 kutoka mstari huo. Ni lita ngapi za maji ziwekwe kwenye mfuko ulio kulia, m 0.8 kutoka mstari wa kati, ili mashua isawazike?
3. Pampu ya volti 12 hutumia ampea 5 kwa dakika 10. Tafuta chaji iliyopita na nishati iliyotumika.
4. Nahodha ana lita 200 za kugawa kati ya mifuko miwili mipana ya lita 200 kila mmoja, yote ikiwa katikati ya mashua. Eleza kwa nini ni salama zaidi kujaza mmoja kabisa kuliko kujaza yote nusu.
5. Abiria 40 wa kg 60 kila mmoja wanahama kutoka m 2 kushoto hadi m 2 kulia mwa mstari wa kati wa kivuko. Momenti imebadilika kwa kiasi gani?

Majibu

1. Ziwani m³ 2.00, baharini m³ 1.95. Huzama zaidi ziwani, kwa kuwa maji baridi yana densiti ndogo.
2. Kushoto Nm 2,000. Mtu Nm 800. Upungufu Nm 1,200. Uzito = 1,200 ÷ 0.8 = N 1,500, yaani kg 150, ambazo ni lita 150.
3. Chaji = 5 × 600 = C 3,000; nishati = 12 × 3,000 = J 36,000.
4. Mfuko uliojaa hauna nafasi ya maji kukimbia. Katika mifuko iliyojaa nusu maji hukimbilia upande ulioinama, kitovu cha uvutano husogea huko, na uwezo wa chombo kurudi wima hupungua.
5. Uzito = 40 × 600 = N 24,000. Momenti kabla ni Nm 48,000 kushoto. Baada ni Nm 48,000 kulia. Badiliko ni Nm 96,000.

Ukikosa swali la 5, lirudie hadi ulipate. Linaweza kuja kwenye mtihani, na linaweza pia kukukuta siku moja ukiwa ndani ya kivuko kinachokaribia gati.